Programu za kuhariri video: Jembe la kukodi lina mwenyewe

Katika mazungumzo yangu ya wiki hii nataka tuzungumzie kazi ambayo zamani ilikuwa ya watu wachache waliomiliki deki mbili na televisheni, na ambayo leo imekuwa riziki ya vijana wengi wa mijini. Nayo ni kazi ya kukata na kuunga picha za video, ambayo kwa jina la heshima tunaiita kuhariri.

Nimesukumwa na swali. Yuko kijana mmoja wa hapa Mlandege, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hakunituma nimtaje. Anapiga video za harusi, kipaimara, mahafali na misiba. Alianza na simu yake, akawa anaunganisha picha kwa programu ya bure iliyomo humo humo kwenye simu, anatia muziki, anatia maua na mioyo inayopepea, na wateja wanafurahi. Sasa kazi zimeongezeka. Amepata kamera moja, amemchukua mwenzake mwenye simu nzuri awe kamera ya pili, na mama yake mzazi amekubali kumdhamini kwenye kikoba ili akope shilingi milioni moja na laki nane anunue laptopu. Akaja kuniuliza: "Shikamoo mzee. Nichukue programu gani ya kuediti iliyo bora kuliko zote?"

Nimeona nimjibu hadharani, kwa sababu mbili. Kwanza, si yeye peke yake anayeuliza. Pili, nyuma ya swali lake ziko fedha za akina mama, fedha za vitumbua, mboga na nguo za mtumba, na kikoba hakimsubiri mtu ambaye programu yake imegoma. Marejesho ni kila wiki, harusi iwepo isiwepo.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Ni kweli, na vijana wengi hupoteza mwaka mzima wakibadilisha programu huku kazi zao zikibaki zilezile. Lakini wahenga hao hao hawakusema kwamba mkulima aingie shambani na jembe la kukodi bila kuuliza ni la nani, na mwenyewe atalitaka lini. Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu. Usiulize kwanza programu ipi ni bora. Uliza ni ipi itakayokuachia kazi yako mikononi siku utakaposhindwa kulipa, siku mtandao utakapokatika, au siku mwenye programu atakapoamua kuifunga.

Ili tuelewane, hatuna budi kujua programu hizi zinafanya nini hasa. Enzi za kanda za VHS, deki moja ilicheza na nyingine ilirekodi. Ukitaka kuondoa dakika moja iliyo katikati ya saa mbili, ulirekodi upya kuanzia hapo mpaka mwisho, na kila nakala ya nakala ilizidi kuchuja rangi na kukwaruza sauti. Mwaka 1995 zilipoingia kanda za dijiti za DV, mambo yakabadilika. Saa moja ya kanda hiyo ilimeza karibu gigabaiti 13 za diski ya kompyuta, lakini ikiisha kuingia humo ungeweza kuinakili mara mia bila kufifia.

Toka hapo, programu ya kuhariri haikati picha zako hata moja. Inaandika maagizo tu. Chukua faili hili, anzia sekunde ya 12 hadi ya 20, kisha weka lile jingine, ongeza mwanga kidogo, punguza sauti ya muziki padre anapozungumza. Daftari hilo la maagizo ndilo linaloitwa mradi. Picha zenyewe zinabaki palepale ulipoziweka, hazikuguswa. Ndiyo maana kijana hubeba mradi kwenye flashi, akaufungua kwa rafiki yake, akakuta programu inalalamika kwamba picha hazionekani. Amebeba orodha ya vyakula na kuacha vyakula vyenyewe jikoni.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, kila kazi ya video ina vitu vitatu. Kuna picha za asili zilizotoka kwenye kamera. Kuna mradi, yaani lile daftari la maagizo. Na kuna kazi iliyokamilika, ile anayopewa mteja. Picha za asili ni zako, mradi uzitunze. Kazi iliyokamilika ni faili la kawaida, itacheza kwenye simu au televisheni yoyote. Kinachokuwa mateka wa programu ni kile cha katikati, mradi. Kwa kawaida mradi ulioandikwa kwa programu moja haufunguki kwa programu nyingine, au hufunguka ukiwa umepungua viungo.

Mtu anaweza kusema, kazi ikishatoka, mradi wa nini tena? Aliyefanya kazi hizi anajua. Wiki tatu baada ya harusi, mama wa bibi harusi anarudi na kusema shangazi aliyetoka Mufindi na blanketi la zawadi hakuonekana kabisa, na huyo shangazi amenuna. Kama mradi upo na unafunguka, ni kazi ya dakika kumi. Kama haufunguki, unahariri harusi nzima upya, bure, na jina lako linazunguka mtaa mzima kuanzia Mlandege hadi Kihesa.

Wala programu kutoweka si hadithi ya kutishia watoto. Windows Movie Maker, ambayo wengi wetu tulijifunzia, ilikuja na Windows Me mwaka 2000, na Microsoft ikaacha kuitoa mwezi Januari 2017. Juni 2011 kampuni ya Apple ilitoa Final Cut Pro X, na wahariri wa filamu duniani kote wakashtuka kuona kwamba programu mpya haikuweza kufungua miradi waliyoifanya kwa toleo lililotangulia. Januari 2025, kwa sababu ya mvutano wa serikali na siasa, watumiaji wa CapCut nchini Marekani walifungua simu zao wakakuta programu hiyo imesimamishwa pamoja na TikTok, kwa kuwa zote mbili zilikuwa za kampuni moja ya Kichina, ByteDance. Ilirudi baadaye, lakini fikiria ungekuwa na harusi ya kukabidhi siku hiyo.

Upande wa pili wa sarafu ni huu. Filamu ya Korea Kusini iitwayo Parasite, iliyopata Oscar ya filamu bora mwezi Februari 2020, ilihaririwa kwa Final Cut Pro 7, toleo la zamani ambalo Apple ilikuwa imeachana nalo tangu 2011. Mhariri alilijua jembe lake, na kwa kuwa lilikuwa limenunuliwa moja kwa moja, si la kulipia mwezi kwa mwezi, hakuna aliyemnyang'anya. Dunia nzima ikaipigia makofi filamu hiyo, na hakuna mtazamaji aliyeuliza ilikatwa kwa programu ya mwaka gani.

Sasa, ni lini mtu aiache programu ya simu? Si lazima aiache. Kwa kipande cha dakika moja cha kurusha WhatsApp au Instagram, simu inatosha na inazidi. Lakini zipo dalili kwamba kazi imekuwa kubwa kuliko chombo. Dalili ya kwanza ni kuwa na kamera mbili au zaidi zinazopiga tukio moja, ukatakiwa kuruka kutoka hii kwenda ile bila maneno ya padre au shehe kurukwa. Ya pili ni sauti iliyorekodiwa pembeni na kinasa sauti, ambayo lazima ilandane na midomo. Ya tatu ni kazi inayozidi saa moja. Ya nne ni kamera mbili zenye rangi tofauti, bibi harusi akawa mweupe huku na wa manjano kule. Ya tano ni hiyo ya mteja anayerudi na marekebisho. Ukiziona dalili mbili kati ya hizo, wakati umefika.

Hapo ndipo maswali matatu yanapokuja, na nakuomba uyaulize kwa mpangilio huu: kazi yangu ni ipi, mashine yangu ni ipi, na mwenye jembe ni nani?

Tuanze na kazi. Mpiga video wa harusi anahitaji kulandanisha kamera mbili kwa kufuata sauti, kukata haraka, kuandika majina chini ya picha, kusawazisha rangi na sauti, basi. Hahitaji roketi kulipuka angani. Anayetengeneza filamu fupi anahitaji rangi za hali ya juu na sauti ya kina. Anayetengeneza matangazo anahitaji maandishi yanayocheza. Andika kwenye karatasi mambo matano unayofanya kila wiki, kisha ipime kila programu kwa mambo hayo matano tu. Yale mia mbili mengine yanayopambwa kwenye matangazo yao, yaache yapite.

Swali la pili ni mashine, na hapa wengi huumia bila kujua sababu. Mtu anashangaa: video inacheza vizuri kwenye laptopu, lakini akiingiza kwenye programu ya kuhariri inakwama kama gari kwenye matope ya masika. Sababu ni jinsi simu na kamera nyingi zinavyohifadhi picha. Ili kuokoa nafasi, hazihifadhi kila picha nzima. Zinahifadhi picha moja nzima, kisha zinazofuata zinaandikiwa mabadiliko tu. Ni kama daftari la mama ntilie aliyeandika Jumatatu kwamba sandukuni mna shilingi laki moja, kisha siku zinazofuata akaandika kilichoingia na kilichotoka tu. Ukimuuliza ghafla Alhamisi mna kiasi gani, lazima aanze kupiga hesabu kutoka Jumatatu. Kucheza video moja kwa moja ni kufuata hesabu ukurasa kwa ukurasa. Kuhariri ni kurukaruka kurasa, na kompyuta inatakiwa ipige hesabu hizo mara 25 kwa kila sekunde, kwa kamera mbili kwa pamoja.

Dawa yake haihitaji laptopu ya bei mbaya. Programu za kuhariri zilizo makini zina uwezo wa kutengeneza nakala nyepesi za picha zako, ndogo na rahisi kwa kompyuta. Unakata kwa kutumia nakala hizo, na siku ya kutoa kazi programu inarudi yenyewe kwenye picha za asili. Wataalamu huziita proksi. Kwa mtu mwenye mashine ya kawaida, hiki ni kipimo kikubwa kuliko madoido yote. Programu isiyokuwa na proksi, mtu wa kipato chetu aiogope.

Kuhusu ukubwa wa mashine, watengenezaji wa Shotcut hushauri RAM ya gigabaiti 8 kwa video ya HD na 16 kwa video ya 4K, na hicho ni kipimo kizuri hata kwa nyingine. Usisahau hesabu ya nafasi. Simu inayorekodi HD hula takribani gigabaiti 7 na nusu kwa saa, na ikirekodi 4K huweza kufika 22. Sherehe ya saa sita kwa kamera mbili ni saa kumi na mbili za picha. Kwa HD hizo ni gigabaiti 90, na kwa 4K ni zaidi ya 260. Zidisha mara mbili, kwa sababu mwenye nakala moja ya harusi ya watu hana nakala. Diski ikifa usiku, kesho utawaambia nini wazazi wa pande mbili?

Liko na tatizo jingine la simu ambalo hufanya watu waisingizie programu. Kamera hurekodi picha kwa mwendo mmoja usiobadilika, kwa mfano 25 kwa sekunde. Simu nyingi huongeza na kupunguza mwendo huo kadiri ya mwanga na joto la simu. Matokeo yake, mwanzo wa hotuba midomo na sauti vinakwenda pamoja, na baada ya nusu saa mzee amefunga mdomo lakini sauti bado inaendelea. Kabla ya kuanza kukata, yageuze kwanza mafaili ya simu yawe na mwendo mmoja. Shotcut ikiona faili la namna hiyo hukuuliza yenyewe kama iligeuze. Na unaporekodi, kama simu inaruhusu, chagua 25 badala ya 30, kwa kuwa umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde na baadhi ya taa za ukumbini hupepesa zikipigwa kwa mwendo mwingine.

Sasa tufike kwenye swali la tatu, la mwenye jembe. Programu zilizoko sokoni nazigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni jembe la kukodi. Mkubwa wao ni Adobe Premiere, iliyoanza mwaka 1991 na inayotumika sana kwenye vituo vya televisheni na kampuni za matangazo. Tangu mwaka 2013 Adobe iliacha kuuza matoleo mapya moja kwa moja, ikawa ni kulipia kwa mwezi au kwa mwaka. Kwa miaka ya karibuni bei yake imekuwa karibu dola 23 kwa mwezi kwa anayejifunga mwaka mzima. Tukikadiria shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni karibu laki sita na tisini kwa mwaka, na milioni mbili na ushee kwa miaka mitatu. Ukiacha kulipa, mafaili ya miradi yanabaki kwenye diski yako, lakini mlango wa kuyafungulia umefungwa. Nasema wazi kwamba si programu mbaya, ni nzuri sana. Kama kampuni ya Dar es Salaam inakupa kazi na inataka mradi wa Premiere, basi kodi, na gharama ya kodi iingize kwenye bei ya kazi hiyo. Lakini soma masharti ya kujitoa kabla ya kubonyeza. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani ikidai kuwa iliwaficha wateja faini ya kuvunja mkataba wa mwaka.

Fungu la pili ni jembe la kununua mara moja. Humo imo Final Cut Pro, ambayo Apple imekuwa ikiiuza kwa dola 299 na ushee, lakini inakaa kwenye kompyuta za Apple tu. Imo pia DaVinci Resolve. Hii historia yake inavutia. Jina da Vinci lilianza mwaka 1984 likiwa la mitambo ya kusawazisha rangi za filamu, mitambo ya bei ambayo studio kubwa tu ziliiweza. Mwaka 2009 kampuni ya Blackmagic Design ya Australia iliinunua, na mwaka 2011 ikatoa toleo la bure. Baadaye ikaongezewa uwezo kamili wa kuhariri na sauti. Toleo la bure linatoa video hadi kiwango cha 4K cha televisheni, bila alama ya mwenye programu kuchapwa usoni kwa bibi harusi, mradi usitumie vile vipengele vichache vya toleo la kulipia. Hilo la kulipia ni dola 295, kwa mkupuo. Ubaya wake ni uzito. Inataka RAM ya gigabaiti 16 na kadi ya picha iliyo imara, na kuipakua tu kunakula gigabaiti kadhaa za bando.

Fungu la tatu ni jembe la jumuiya. Hizi ni programu huria, zinazotengenezwa na watu wengi wanaojitolea, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote. Kdenlive ilianza mwaka 2002 kwa watu wa Linux na sasa inaingia Windows na Mac. Shotcut nayo ni hivyo hivyo. Zote mbili zina proksi, na zote mbili huandika mradi kama maandishi ya kawaida yanayosomeka hata kwa programu ya kuandikia barua. Kwa hiyo hata watengenezaji wake wakilala leo, daftari lako si mateka wa mtu. Faida nyingine ni kwamba mwenzako akiisha kuipakua, sheria ya leseni yake inamruhusu kukupa kwa flashi bila kosa lolote. Bando moja, mtaa mzima. Ubaya wake ni kwamba mapambo ni machache, mara nyingine huzimika ghafla, na hakuna namba ya simu ya kupiga ukikwama.

Asidanganyike mtu kwamba cha bure ni cha masikini. Machi 2025 filamu ya katuni ya Latvia iitwayo Flow ilipata Oscar, na picha zake zilitengenezwa kwa Blender, programu huria ambayo kijana yeyote wa Mlandege anaweza kuipakua jioni hii.

Na kuna fungu la nne ambalo sikulihesabu, kwa sababu si jembe bali ni mtego. Ni zile programu za kulipia zilizovunjwa kufuli, zinazouzwa kwa shilingi elfu tano pamoja na "kukuwekea". Najua ziko nyingi. Kwanza, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu na nyimbo. Pili, aliyevunja kufuli ili uingie hakulazimika kutoa ufunguo wake baada ya kukuingiza. Virusi vinavyofunga mafaili na kudai fidia hupenda kuingilia mlango huo, na mafaili yatakayofungwa ni harusi za watu. Tatu, ndugu yangu, sisi ndio tunaolalamika kazi zetu zinanakiliwa na kuuzwa mitaani bila kulipwa. Kwa mdomo upi tutalalamika huku chombo cha kazi chenyewe ni cha kuiba? Zamani kijana aliweza kusema hana njia nyingine. Leo njia halali na ya bure ipo, hata hoja hiyo imekufa.

Kabla hujaamua, fanya jaribio. Chukua dakika kumi za harusi uliyokwisha kukabidhi, uzihariri kwa programu mbili tofauti. Angalia kama mafaili ya kamera na ya simu yote yanafunguka. Angalia kama sauti inalandana na midomo mwanzo na mwisho. Zima mtandao kabisa, uone kama kazi inaendelea. Halafu zima kompyuta ghafla, kama umeme unavyotufanya, uiwashe tena na uone umepoteza dakika ngapi. Hamisha folda yote kwenye kompyuta nyingine, uone kama mradi unafunguka na picha zake. Mwisho, toa kazi, itie kwenye flashi, uichomeke kwenye televisheni ya kawaida ya sebuleni, kwa sababu huko ndiko mteja wako atakakoitazamia. Programu ikishinda majaribio hayo, ndiyo bora kwako, hata kama rafiki yako wa mjini mkubwa anaicheka.

Jibu langu kwa yule kijana, na kwa wenzake wote, ni hili. Mwanangu, katika mwaka wa kwanza fedha ya kikoba isiguse programu hata shilingi moja. Kama laptopu utakayopata ina RAM ya gigabaiti 8 na haina kadi ya picha ya maana, anza na Shotcut au Kdenlive. Kama umebahatika ikawa na 16 na kadi nzuri, weka DaVinci Resolve ya bure. Fedha iende kwenye vitu vinavyoshikika: RAM ya kutosha, diski ya SSD ya kufanyia kazi, diski mbili za nje za kuhifadhia, na maikrofoni nzuri, kwa kuwa mtazamaji husamehe picha yenye giza lakini hasamehi hotuba isiyosikika. Kisha kaa na programu hiyo moja miezi sita bila kuhamahama. Ukiona kuna mteja anayelipa, na kuna jambo anataka ambalo jembe lako haliliwezi, hapo ndipo ununue au ukodi, kwa fedha ya mteja huyo na si ya mama zako.

Na tuweke mkataba wa kazi ulio wazi. Mwambie mteja mapema utatunza picha zake za asili na mradi kwa muda gani, sema miezi sita, na baada ya hapo mpe picha hizo kwenye diski yake kama anazitaka. Kazi iliyokamilika itoe kwa mfumo wa kawaida wa MP4, si kwa mfumo wa ajabu unaofunguka kwa programu yako tu.

Nasema hivi kwa sababu video ya harusi si harusi tu. Ndani yake mna babu anayetoa nasaha, na mwaka unaofuata babu hayupo. Mna bibi akipiga vigelegele kwa sauti ambayo wajukuu hawataisikia tena mahali pengine popote. Mna wazee wakiongea Kihehe cha ndani ambacho watoto wetu wameanza kukisahau. Familia nyingi hazina kumbukumbu nyingine ya sauti hizo, na imewekwa mikononi mwa kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye laptopu ya mkopo. Hiyo ni amana. Programu zitakuja na kuondoka, na kampuni zitauzana. Mwenye kushika amana achague chombo ambacho kitamruhusu kuirudisha kwa wenyewe ikiwa kamili.